Mwiko wa Umeme

Fundi umeme alimwonyesha Semeni soketi mbili: moja nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, nyingine ya kijivu, nene, yenye kifuniko cha kuzuia maji.

"Nifungie hiyo mbaya," alisema Semeni, akiigusa ya kijivu.

Kila masika ukuta wa sinki ulitoka jasho, na tangu apigwe shoti, Semeni aliwasha swichi ya pale kwa mwiko. Mwiko wenyewe ulining'inia msumarini, mkavu, haujaonja ugali hata siku moja.

Kazi ilipokwisha, Semeni alikausha mikono kwa kanga, akabonyeza swichi mpya kwa kidole.

Birika la umeme likaanza kuvuma. Akakitazama kidole chake, akacheka.

"Sasa mwiko huu niutupe, mama?"

Semeni aliutungua, akausuuza, akafunua sufuria iliyokuwa ikichemka kwenye mkaa, akamimina unga.

"Nawa mikono, fundi."