Alama Nyeupe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Joan alichota maji ya tangi kwa kikombe, akasukutua, akayatema kwenye maua ya nyanyake na kucheka. Asubuhi hiyo hakucheka. Kikombe kilimponyoka, akashika shavu na kulia.

Chepkirui, nyanyake, alimfikia kabla Maxine hajainuka kwenye kigoda cha kukamia. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akachungulia mdomoni. Alichungulia kwa muda mrefu mno.

"Ni baridi tu, Mama," Maxine alimwambia mama mkwe wake. "Maji ya huku Boito ni kama barafu."

"Na hii?"

Karibu na ufizi, meno ya juu ya Joan yalikuwa na alama nyeupe, kama yamepakwa chokaa.

"Si ni maziwa tu. Amekunywa saa hii."

Chepkirui alilowesha ncha ya leso, akasugua. Maziwa yangetoka. Alama hazikutoka. Alifunika mdomo kwa kiganja, kama alivyozoea, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Mkebe wa sukari ulitoweka jikoni. Ile chai tamu ya maziwa ambayo Maxine alimkorogea binti yake kila jioni, ailalie, nyanya aliimwaga na kumpa maji. Wakati wa kula alimkodolea macho mjukuu wake akitafuna.

"Anatafunia upande mmoja," alisema siku moja, polepole. "Mama Joan, hujaona?"

Maxine hakuwa ameona. Na mumewe, Mathew, dereva wa lori la majani chai, alirudi nyumbani wikendi tu. Hakukuwa na mtu wa kuuliza.

Alasiri moja aliingia chumbani akamkuta mkwewe ameinama juu ya Joan aliyekuwa amesinzia. Tochi ya simu ilimmulika mtoto mdomoni. Kidole cha nyanya kilikuwa kikipapasa jino moja baada ya jingine.

"Unatafuta nini, Mama?"

"Hakuna kitu."

Kiganja kilichelewa kufika mdomoni, na Maxine akaliona wazi: pengo la meno mawili, chini, katikati. Mathew aliwahi kumwambia kwamba ni mila ya zamani, na kwamba mama hapendi kuulizwa. Maxine hakuhitaji kuuliza. Bibi yake mwenyewe, Aluoch, kule ziwani walikotoka, alizikwa na pengo la meno sita. Alikuwa akiwasimulia wajukuu jinsi watu wazima walivyomshika mikono na miguu wakamng'oa. Maxine alidhani mambo hayo yaliisha na wazee, kwao na huku.

Kesho yake akaja Rebeccah, dada mkubwa wa Chepkirui, mwanamke wa maneno mengi, akitafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yote thelathini na mawili.

"Mke wetu," alimtania Maxine, "bado unaogopa mursik? Miaka sita kwetu na maziwa ya kibuyu yanakushinda? Basi wewe bado ni mgeni."

Maxine alicheka kidogo. Kisha dada hao wawili walijifungia jikoni, wakaongea Kipsigis kwa sauti ya chini. Akiwa nje, Maxine alishika maneno machache tu. Mtoto. Meno. Litein. Kesho, mamake akienda kuchuma chai.

Usingizi haukumjia. Asubuhi alifunga kikapu mgongoni kama kawaida, akashuka shambani, akasimama katikati ya michai bila kuchuma hata jani, masikio yote nyumbani. Pikipiki iliponguruma langoni, alitupa kikapu. Alipofika barabarani, vumbi tu ndilo lililobaki.

Alimsimamisha mwenye bodaboda mwingine, akamuuliza.

"Kogo, yule nyanya, na katoto?" kijana alisema. "Mwenzangu amewabeba. Wanaenda Litein, kwa yule wa meno, nyuma ya soko."

"Wa meno?"

"Eeh. Yule mwenye kung'oa."

Maxine hakukumbuka njia ilivyokuwa. Alikumbuka mlango wa buluu, na benchi alilolipiga teke akiingia. Chepkirui alikuwa ameketi, amempakata Joan na kumshika mikono yote miwili. Mtoto alikuwa ameachama. Mwanamume mwenye glavu alikuwa amemwinamia.

Maxine alimnyakua binti yake.

"Mila yenu ibaki kwenu," alisema. "Mtoto wangu hamtamng'oa meno kama mlivyong'olewa nyinyi."

Daktari alibaki amesimama, brashi ndogo yenye dawa ya njano ya kupaka meno mkononi. Koleo halikuwepo mezani, wala sindano. Joan alilamba midomo, akamtazama mama yake kwa mshangao.

Chepkirui aliinua mkono kuufunika mdomo. Ulipofika nusu ya njia, akaushusha.

"Mimi sikung'olewa kwa mila, Maxine," alisema. "Yalianza na alama nyeupe kama hizi, nikaona aibu kusema, mpaka yakaoza."