Jina la Tatu

Siku hizi, unachoandika kwenye mtihani wa Kiingereza serikali hukitimiza. Nyamvula aliulizwa anaishi na nani, ajibu kwa maneno yasiyozidi matatu. Yeye akaelewa kwamba ni lazima yafike matatu. Aliandika Ngala, mumewe, na Mbeyu, binti yao, kisha kwa wasiwasi akabuni jina la tatu: Dama.

Jumamosi gari la serikali lilimshusha msichana mlangoni kwake, na begi mkononi.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Dama."

"Nani huyo?" Ngala akauliza kutoka jikoni.

Gari lilishaondoka, na mtoto alikuwa anavua viatu. Nyamvula akainama karibu naye.

"Mwanangu, jana ulikuwa unaitwa nani?"

Msichana akatazama barabarani. "Wameniambia nisiseme."