Aliyefeli Anafutwa

Tangu mtu wa pili hakuna aliyekosea, na hilo lilimtia Sadala shaka. Kazi yake ilikuwa kuwatazama wagonjwa wakijaribu programu mpya ya simu ya kuombea zamu kliniki, aone wanakwama wapi, ili irekebishwe kabla haijaanza kutumika. Bi Mwanaharusi, wa saba, alibonyeza panapotakiwa hata swali halijaisha.

"Bibi, umewahi kuiona simu hii?"

"Niione wapi, mwanangu?"

Sadala akaichukua simu, akakihamisha kitufe cha kijani cha kwenye skrini kutoka chini hadi juu, akamrudishia. Bibi akabonyeza chini palepale, pasipo na kitu. Akabonyeza tena, kwa nguvu.

"Nani kakufundisha?"

"Yule aliyeingia wa kwanza katufundisha sote, kule bombani tunakongojea. Mimi nina presha, mwanangu. Anayefeli si anafutwa kliniki?"

"Nani kasema?"

"Mtu anakukodolea macho, kila ukigusa anaandika. Wewe ungedhani nini?"

Sadala akaweka kalamu chini. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, hataki kuitoa mpaka aambiwe kama amefaulu. Mchana kutwa, watu saba, na aliyemwonyesha wapi watu wanakwama kweli alikuwa mmoja tu, yule wa kwanza.