Kompyuta ya Dirishani

Asuman alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, kichwa ndani ya kitenge kilichofunika kompyuta, aliposikia viatu vya Pasca nje. Alikwisha kuona alichokitaka. Kasha la kompyuta ya upande wa dirisha lilikuwa na kibandiko cha leseni, kile kinachong'aa. La pili halikuwa na kitu. Akajitoa upesi, akajifanya anakaza waya.

"Umeamka mapema, kaka," Pasca alisema.

"Naangalia waya tu. Hii jenereta iko na kichwa yake."

Pasca, mwalimu wa kompyuta, alikuwa ametoka Arua na neno moja mdomoni: haki. Ushirika wa wakulima wa tumbaku wa Koboko ulikuwa umepata kompyuta mbili za aina moja, na asubuhi hiyo ya mwaka tisini na tisa wanachama wangeamua ziendeshwe na mfumo upi. Mmoja ulikuwa wa kununua, wenye leseni, ule ambao Asuman alijifunza Kampala na ambao hakuna mwingine ofisini aliyeujua. Wa pili ulikuwa huria: haununuliwi, yeyote anaruhusiwa kuunakili na kumpa jirani, na Pasca alikuwa tayari kumfundisha kila mwenye vidole. Makasha yote mawili aliyafunika kwa kitenge kimoja kirefu, na vioo vyake vingeonyesha ukurasa uleule mweupe wa kuandikia. Alitaka watu wachague kazi, si jina.

Kila mwenye vidole. Hapo ndipo usingizi wa Asuman ulipopotelea. Miaka yote, aliyetaka barua ichapwe alikuja kwake, akavua kofia, akangoja. Wakijua wote, yeye atakuwa nani?

Akatoka hadi langoni kuwapokea wazee, na kila aliyepita alimnong'oneza.

"Ile iko upande wa dirisha, hiyo ndiyo yetu. Ingine ni ya bure, itatutia aibu."

Mzee Soka akaitikia. Mama Viktoria akaitikia. Mzee Lokule, sajini wa zamani, mtu ambaye hata harusini hutafuta benchi la ukutani, hakuitikia wala hakukataa. Alimtazama Asuman kutoka kofia hadi viatu, akaingia.

Punde mabenchi yakaanza kuburutwa huko ndani, kelele ndefu. Wanapeana nafasi, Asuman aliwaza, akaendelea kumbembeleza Marino, mweka hazina, ambaye kumgeuza kauli ni kazi ya siku nzima.

Alipoingia, macho ya chumba kizima yalikuwa juu yake. Lokule amenichongea, alijiambia. Lakini hakuna aliyemshtaki. Meza ilikuwa imesogezwa karibu na mlango, bila shaka kwa ajili ya waya wa jenereta. Akatupa jicho: kompyuta ya dirishani ilikuwa dirishani. Akashusha pumzi, akaketi.

Pasca hakupendelea upande. "Zote mbili iko na makosa," alisema. "Nitaonyesha, mtaona wenyewe."

Alimwita Mama Viktoria achape majina ya wanachama wa kijiji cha Lurujo, kwanza kwenye ile ya mbali na dirisha. Katikati ya majina iliganda. Pasca alikifunika kioo kwa leso, jina la mfumo lisionekane, mpaka ilipoamka tena, na ilipoamka nusu ya majina yalikuwa yamekwenda na maji. Asuman alicheka kwa sauti, akawageukia wenzake kuhakikisha wameona mambo ya bure yalivyo.

Ya dirishani haikuganda. Ila printa iliisumbua sana, na Pasca hakuficha: kwa printa, hii ndiyo dhaifu, ina kazi kuizoesha. Wazee wakaanza kunong'ona. Marino akakunja uso. Asuman aliona kazi yake yote ya langoni inamponyoka, akasimama.

"Ngojeni kidogo, wazee. Mutu anafanya kazi sawasawa, mnamufukuza juu ya neno moja? Printa tutazoesha. Hii imeshika majina yenu yote, hakuna hata moja imepotea. Mimi nimekaa na kompyuta miaka, sijaona moja inatulia namna hii."

Aliyasema kwa moyo, kwa sababu yalikuwa kweli. Kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi mfumo wake ulimgandia kila mara, akawa anaugombeza kama mbuzi aliyeingia jikoni. Leo ulikuwa umemheshimu mbele ya watu. Aliona fahari.

"Maneno yako ni mazuri, kaka," Pasca alisema, na ilionekana anamaanisha. "Basi, wenye kuchagua ya dirishani?"

Mikono ikainuka, wa Asuman kwanza na juu kuliko yote. Hata Marino aliinua wake. Hata Mzee Lokule.

Pasca akashika pindo la kitenge, akakivuta chote kwa mara moja. Kibandiko kikang'aa kwenye kasha la mbali na dirisha.

Asuman alitazama dirisha. Akatazama meza. Mkono wake ulikuwa bado juu, ameusahau huko.

"Nani amegeuza hii kitu?" aliuliza.

"Ni mimi," Mzee Lokule alisema, bila haraka. "Tangu vita ya sabini na tisa sijapatia mlango mgongo. Nikaambia vijana wazungushe benchi na meza yote, na kompyuta zake juu."