Neno Kiganjani

Jioni Shufen alifunga mgahawa wake wa tambi, akaketi na gazeti, miguu ikimwuma. Bintiye, Ruolan, ndiye aliyeandika uhakiki wa filamu katika gazeti hilo, kwa Kiingereza, lugha ambayo Shufen hakuijua. Kila neno geni alilichora kiganjani kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyojifunza maandishi ya Kichina utotoni.

Ruolan akaingia, akatupa mkoba mezani. "Mama, gazeti tena? Si la kufungia maandazi hilo?"

"La kusoma."

Ruolan akacheka. "Kusoma! Hujawahi kuniuliza hata siku moja naandika nini."

"Ningekuulizaje, mwanangu, na mimi sielewi?" Shufen akafikicha macho. "Leo nimepapasa kwa kamusi, nikaona umeandika kwamba yule mama wa kwenye filamu ni mkimya mno, hata haijulikani kama anampenda mtoto wake. Neno hilo la ukimya nimelichora tangu asubuhi, na bado halikai kichwani."

Kicheko kikamwisha Ruolan. Akavuta kiti, akakishika kiganja cha mama yake kilichonukia tangawizi, akaanza kulichora neno taratibu. Alipofika katikati, akayakumbuka maneno yake kuhusu yule mama mkimya, akasita. Kidole chake kikabaki palepale, na Shufen hakuufumba mkono.