Kiapo cha Bi Sesilia

"Jenipher Anselmo!"

Waliita mara tatu. Binti hakuinuka mpaka bibi yake alipomfinya paja.

"Huyu masikio yake ya kuvalia hereni tu," Bi Sesilia akasema, na foleni nzima ikacheka.

Ilikuwa siku ya msaada wa kisheria wa bure, chini ya turubai, nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, Kinyerezi. Wiki ile msako wa uhamiaji ulipita mtaa wa pili, ukaondoka na watu wanne. Asiye na karatasi alikuwa hatoki ndani.

Wakili Samiha, mwanamke kijana wa ushungi mweupe, akawavutia viti.

"Shikamoo bibi. Mie nakukumbuka. Mwezi uliopita ulikuja kwa ajili ya mtoto wa mpangaji wako. Editha, siyo?"

Binti akainua uso.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo huyo."

"Nimehangaika naye, bibi. Mama yake alivuka Ruvuma bila karatasi, akafa bila karatasi. Baba hajulikani. Sina pa kuanzia." Wakili akashusha sauti. "Yuko wapi sasa?"

"Hayupo tena."

"Wamemchukua?"

Bi Sesilia alifungua mfuko wa nailoni, akatoa kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo, akavipanga mezani.

"Tuzungumze ya huyu. Huyu ni mjukuu wangu, na karatasi zake hizi hapa."

Wakili akachangamka. Tarehe, kilo, chanjo, vyote vilikuwamo.

"Umetunza, bibi! Wenzio kadi wanafungia maandazi."

"Hiyo nalala nayo."

"Mbona kliniki inaishia miaka minne?"

"Baada ya hapo hakuumwa tena."

"Heri yake," wakili akatabasamu, akaandika. "Na alipozaliwa, nani alikuwepo?"

"Mie. Uchungu ulimkamata mama yake jikoni, nikampokea kwa mikono hii. Alianza kulia hata hajatoka wote. Nikasema huyu atakuja kunisumbua huyu."

Wakili akacheka, akamgeukia binti. "Jina la mama, mdogo wangu?"

Binti akatazama vidole vyake.

"Sema, mama," bibi akamhimiza.

"Benedicta," akasema, na machozi yakamtoka.

"Mama yake ni marehemu," Bi Sesilia akaeleza haraka. "Msamehe."

Wakili alimpa kitambaa binti, kisha akasogeza Biblia mbele ya bibi.

"Bibi, hiki ni kiapo. Kikishatoka mdomoni hakirudi. Huyu atakuwa Jenipher siku zake zote, na watoto wake wataandikwa kwa jina hilo."

Mkono wa Bi Sesilia ulisimama juu ya kitabu bila kukigusa.

"Mungu anasikia mpaka huku chini ya turubai?"

"Anasikia, bibi."

"Basi na asikie."

Akaapa. Akaandika jina lake taratibu, huku ulimi umetoka nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kesho afisa atakuja nyumbani kwako kuhakiki," wakili akamwambia. "Atauliza majirani, atakizunguka kiwanja. Akiridhika, cheti cha kuzaliwa kinatoka."

"Majirani nimeshaongea nao. Kiwanja atakizunguka chote?"

"Chote, bibi. Mpaka uani."

Walirudi nyumbani. Binti aliingia ndani akajilaza kitandani, uso ukutani, viatu miguuni. Hata chai alikataa.

Bi Sesilia hakumlazimisha. Alichukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga magoti kwenye majani. Msalaba wa mpingo aliouchonga marehemu mumewe ulikuwa umeshika sana ardhini. Aliuchimbua mpaka jasho likamwingia machoni. Akaufuta udongo kwa kanga, akayafuata maandishi kwa kidole, herufi moja moja:

Jenipher Anselmo, 2006–2010.