Anayezishika

Karani wa hazina ya mji aliinua zile hatifungani, karatasi ambazo mji uliwapa watu ulipokopa kwao fedha za mabomba ya maji, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Bi Hedvig, siwezi kuziandika jina lako. Sheria inataka kuponi zote, vile vipande vya kuchukulia riba, ambazo siku yake haijafika ziwepo. Hapa za miaka ijayo zimekatwa."

Hedvig alikuwa amechoka hata asiweze kushangaa. Alikuwa amepanda ngazi zile zenye barafu, na miguu yake hiyo mibovu, kwa sababu moja tu: zikiandikwa jina lake, hakuna wa kuzitia mkobani akatoweka nazo. Zilivyo sasa, anayezishika ndiye mwenyewe.

Akavaa miwani, akapitisha kidole pale zilipokatwa. Ukingo ulikuwa na meno madogo madogo, kama ya msumeno.

Mkasi wa meno ni wa mshona nguo. Na kwao mshona nguo alikuwa mmoja: bintiye, aliyeketi pembeni amepakata koti la mama yake, macho kwenye viatu vyake vilivyotoboka.

"Nani kazikata, mama?" karani akauliza. "Kama ni mwizi, sema tumwite polisi."

"Mwizi gani? Nilizikata mwenyewe. Uzee, baba, utanitia aibu mpaka kaburini."

Bintiye akaanza kulia kimyakimya.

"Hebu nyamaza, univalishe koti twende," Hedvig akasema. Akazikunja hatifungani, akamwekea kiganjani. "Na hizi shika wewe. Mimi mikono imechoka."